Inchi Mbili za Mzee Futi

Mzee Futi alikuwa mtu wa kujisifu, na tusimlaumu sana, kwa sababu baadhi ya sifa alizojipa zilikuwa za kweli. Kwamba alianza kukata suruali kabla nusu ya wateja wake hawajaota meno: kweli. Kwamba akikuona tu unavuka barabara anajua kiuno chako: karibu na kweli. Kwamba aliwahi kushona koti zima kwa mkono siku umeme ulipokatika, bwana harusi akasubiri nje na soksi tu: hiyo ilianza ikiwa shati, ikakua taratibu. Futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake hata akienda kunyolewa, na ndiyo iliyompa jina.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia, na kioo kilichopasuka kona. Cherehani cha pili kilikuwa cha mdogo wake, dada aliyemfuata kuzaliwa, aliyehamia pale nusu mwaka uliopita. Dada huyu alikuwa amesomea ushonaji chuoni. Cheti chake alikitundika juu ya kioo, ili kaka yake kila akijitazama akisome pia. Kazi wakagawana: kaka anampima mteja na kutamka vipimo kwa sauti ya kutangaza mpira, dada anaandika daftarini, kaka anakata kwa kufuata daftari, dada anashona.

Kuanzia hapo nguo zikaanza kunenepa. Karani wa benki alirudisha suruali akiwa ameishika kiunoni kwa mikono miwili kama anayebeba ndoo. Mwalimu mmoja alisema blauzi yake imebakiza nafasi ya mpangaji. Dada akavumilia, akavumilia, halafu siku moja akaweka sindano chini.

"Kaka, nisikufiche. Macho yamechoka na mkono unatangatanga. Mkasi nipe mimi. Wewe kaa kwenye vifungo."

Vifungo! Kumwambia mkataji ahamie kwenye vifungo ni kumwambia dereva wa lori ashuke akapanguse vioo. Mzee Futi alifungua mdomo ajibu, lakini mlangoni alikuwa ameingia mteja, mama mwembamba mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Watu walimwita Bibi Randa. Alistaafu useremala, sasa anachonga pinde ndefu za mti mtupu, zile za urefu wa mtu mzima, na nyuma ya karakana yake alikuwa na uwanja wa kulengea shabaha. Alitaka ashonewe mfuko wa turubai wa kutilia mishale.

"Ni kazi ya macho hiyo ya mishale, eti?" Mzee Futi alimuuliza, akimtazama dada yake pembeni.

"Macho na mkono, fundi. Kimoja kikilala, umekosa."

"Basi mimi nikishika upinde, hao wenye shabaha watahama mji."

Dada akacheka mpaka akashika meza. "Haya kaka. Wiki tatu nakupa. Mishale sita, hatua ishirini. Mitatu ikiingia kwenye duara la njano, mkasi ni wako mpaka uchoke mwenyewe. Isipoingia, vifungo."

"Shahidi huyu hapa," alisema Mzee Futi, akimwonyesha Bibi Randa, ambaye alikuja kutafuta mfuko tu, maskini.

Kesho yake alikwenda karakana kuchagua. Pinde zilisimama ukutani, zimepakwa mafuta, zinanukia kama duka la samani. Mzee Futi akapita akizitazama kwa kidevu, akaenda moja kwa moja kwenye ule mnene kuliko yote.

"Huo ni wa kijana anayebeba saruji," alisema Bibi Randa.

"Nimebeba marobota ya nguo mimi."

"Vuta, tuhesabu mpaka kumi."

Walipofika tatu, mabega yake yalikuwa yanacheza. Walipofika tano, hata masharubu yalikuwa yanacheza. Alirudisha kamba polepole akasema upinde ule haukupakwa mafuta vizuri. Akajaribu wa pili, akafika saba na jasho. Wa tatu, mwembamba, wa rangi ya asali, aliuvuta mpaka kumi akabaki na pumzi ya kusema, "Huu nimeuonea huruma tu."

"Upinde unaoweza kuushika bila kutetemeka ndio wako," alisema Bibi Randa. "Sasa mishale. Lazima nikate kwa kipimo cha mikono yako. Hebu nikupime."

"Unipime? Mimi?" Mzee Futi alivuta futi shingoni kama askari anayechomoa upanga. "Fundi hapimwi."

Alibana mwanzo wa futi kifuani, akanyoosha mikono yote miwili mbele, akasoma kwenye ncha za vidole, akatamka: "Thelathini!" Bibi Randa akaandika thelathini kwenye kipande cha ubao. Angesema nini? Mwenye futi kasema.

Mafunzo yenyewe yalikuwa na maneno machache. Simama ubavu. Nyoosha mkono wa kushoto. Vuta mpaka ncha ya mshale iguse ngumi inayoshika upinde, hapo achia. Mzee Futi akafuata. Lakini ajabu, ncha ilipogusa ngumi, mkono wake wa kulia ulikuwa umeshapita mdomo, umepita shavu, uko nyuma ya sikio, na bega limepanda juu kama la mtu anayenyeshewa. Akiachia, kamba inampiga sikio, *pwa!*, na mshale unakwenda kutembea. Jioni alirudi dukani sikio limevimba kama andazi.

"Umeng'atwa?" dada aliuliza.

"Mazoezi."

"Ya kulenga au ya ndondi?"

Wiki tatu nzima hakumlalamikia mtu. Alihama kutoka kwenye mbao za uzio hadi kwenye pembe ya shabaha, kutoka pembe hadi kwenye duara jeupe la nje, na hapo nyeupe ikawa kama imemfungia mlango. Alfajiri ya Jumamosi ya shindano alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: alisafisha mkasi wake, akautia mafuta kwenye kiungo cha kati, akaufunga kwenye kitambaa safi. Akautia mfukoni. Kama ni kuukabidhi, basi ukabidhiwe ukiwa nadhifu.

Dada alikuja uwanjani na kiti chake cha kukunja. Mshale wa kwanza ulikwenda uzioni. Wa pili ukashika ukingo wa shabaha, ukaning'inia kama nguo kwenye kamba. Wa tatu nyeupe. Sikio likawa linawaka, na Mzee Futi akapachika mshale wa nne.

"Fundi, simama hivyo hivyo," alisema Bibi Randa. "Vuta, usiachie. Simamisha mkono mdomoni, kwenye pembe hii ya mdomo, hapo mtu anapotakiwa kusimama." Akainama akaangalia mbele ya upinde. Mshale ulikuwa umechomoza kupita ngumi. "Umezidi. Umezidi inchi mbili kamili. Si ulijipima mwenyewe?"

"Nilijipima. Futi ilisoma ishirini na nane."

"Mbona uliniambia thelathini?"

"Si lazima niongeze mbili za mshono?"

Bibi Randa alimtazama kuanzia viatu hadi sikio. "Mshono wa nini, baba? Mikono nayo unaishona?"

Dada hakucheka. Alikuwa amesimama, kiti kimejikunja nyuma yake. "Kaka. Hata dukani ukinitajia vipimo, huwa umeshaongeza?"

"Tangu lini nisiongeze? Miaka yote nasoma na kuongeza hapo hapo. Ulimi wenyewe umezoea."

"Na mimi huongeza ninapoandika. Chuoni ndivyo tulivyofundishwa."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa anaiona suruali ya karani wa benki.

"Inchi nne!" walisema kwa pamoja.

Hapo ndipo dada alipocheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Basi mkono wako hauna kosa. Yaishe, kaka. Mkasi ni wako. Twende nyumbani."

Mtu mwingine angeshukuru akaondoka. Mzee Futi akavuta pua. "Nihurumiwe mbele ya watu? Nimebakiza mitatu. Fundi, leta msumeno."

Bibi Randa akaikata ile mitatu inchi mbili, akazirudisha ncha. Mzee Futi akasimama ubavu. Safari hii ncha ilipogusa ngumi, mkono wa kulia ulikuwa umetulia kwenye pembe ya mdomo, bega limelala mahali pake. Akaachia. Njano! Hakugeuka hata kutazama waliomtazama, jambo lililomgharimu sana. Wa tano: njano tena, karibu na mwenzake. Dada alikuwa ameziba mdomo. Wa sita ukatoka vizuri, ukaruka vizuri, ukatua upana wa kidole nje ya njano.

Mzee Futi alishusha upinde. Akatoa kile kitambaa mfukoni, akakifungua, akamnyooshea dada yake mkasi, mshikio mbele.

"Tulisema mitatu. Imeingia miwili."

"Kaka, acha utoto. Kosa ni letu wote."

"Kosa la nguo ni letu wote. Mshale wa sita ni wangu."

Dada akausukuma mkasi, kaka akaurudisha, dada akausukuma tena, kama watu wanaogombea nani asilipe chai. Mwishowe Mzee Futi akatazama shabaha, akatazama jua lilipofika, na uso wake ukapata ujanja wa zamani.

"Sikiliza. Mpaka chakula cha mchana nakata mimi. Baada ya hapo mkasi ni wako mpaka tufunge. Na daftarini unaandika ninachosema, huongezi hata uzi."

"Na alasiri wewe utakuwa wapi?"

"Mtu mwenye kipaji ana majukumu."

Dada akaupokea mkasi, akaufungua na kuufunga mara moja, akasikia ulivyo laini. Kisha akauweka kwenye kiti, akafuta mikono kwenye sketi, na kuunyooshea kidole ule upinde wa rangi ya asali.

"Hebu nipe nijaribu mmoja."

Mzee Futi alirudi nyuma hatua mbili, upinde kaukumbatia kifuani.

"Pale ukutani ziko nyingi, mwambie fundi akuchagulie. Mkasi tunagawana, mdogo wangu. Upinde kila mtu na wake."