Wifi Alinifanyia Mazoezi Yangu ya Saratani

Mnisamehe jamani, na mkishanisamehe mnicheke, maana hata mimi najicheka huku nalia. Nimefanya ujinga! Mtu mzima, mama wa mapacha, hapa hapa Kagongwa.

Naumwa saratani ya titi. Dawa za dripu nawekewa Mwanza, na zikishaingia mwilini, mayu wee, hata kijiko kinakuwa kizito. Hospitali wakatuunganisha wagonjwa kwenye mazoezi ya simu. Asubuhi unawasha kamera, Mwalimu anatokea, mnanyoosha mikono, mnakaa kitini na kuinuka. Alitwambia hayo ndiyo yatatupa nguvu ya kuhimili dawa. Nilimsikia vizuri kabisa.

Sasa kwetu Usukumani ukiumwa, watu wanakuja kukulimia. Mahindi yanaota, hakuna anayeuliza jembe alishika nani. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyenilimia msimu huu. Basi nikamwambia, "Wifi, kuna na haya ya kwenye simu."

Wala hakushangaa! Akauliza tu, "Yanaanza saa ngapi?"

Nikamfunga kilemba changu, nikamvalisha barakoa. Kamera ikawaka. Wifi anachuchumaa, wifi anainuka, sakafu inatikisika. Mimi niko kitandani pembeni, natafuna michembe, vile viazi vyetu vya kukaushwa, kwa karanga.

"Mama Kulwa, safi sana!" Mwalimu anapaza sauti. "Jamani, mwangalieni Mama Kulwa!"

Na mimi, bila haya, nikaona fahari! Wagonjwa wenzangu wa Ushirombo na Geita wakawa wananiandikia: mama unatutia moyo, siri ni nini? Nikawajibu, "Ni Mungu tu." Mungu gani, na wifi anatoka jasho pale! Jioni nampa pole ya viungo, halafu nalala nikijiona na mimi nimefanya kitu.

Miguu yangu ilikuwa inakonda. Niliona. Kwenda chooni mpaka nishike ukuta. Nikasema ni dawa.

Siku ya kliniki wifi akanisindikiza. Mwalimu kusikia nimefika, akaja mbio na wagonjwa wapya ili wanione. "Mama Kulwa, hebu waonyeshe. Kaa, inuka!"

Kukaa nilikaa. Kuinuka, ndugu zangu, nilishindwa! Nikajisukuma, nikashika meza, wapi! Mwalimu kwa mazoea akaendelea kuhesabu. Kule kwenye benchi, wifi mwili ukamponyoka. Akachuchumaa, akainuka, mikono juu, pochi begani!

Mwalimu akamtazama. Akanitazama mimi. "Mama Kulwa ni yupi hapa?"

Daktari hakucheka. Akasema kwa mwili ule dawa haniwekei, nirudi nyumbani nikapate nguvu kwanza. Uvimbe uko ndani yangu, na mimi narudishwa kwa sababu ya uvivu.

Wifi ndiye aliyelia. "Daktari, mimi nimemfanyia yote, hata siku moja sijakosa. Haziwezi kuhamishwa hizo nguvu?" Alikuwa anauliza kweli! Daktari alipotikisa kichwa, wifi akakunja mkono wa gauni. "Basi hiyo dripu niwekeeni mimi."

Nikamshusha ule mkono wa gauni. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nyie mnaoumwa, nawaomba. Kubalini kulimiwa, kupikiwa, hata kuogeshwa. Ila mwalimu wa mazoezi akisema inuka, inuka wewe mwenyewe, hata kama unamtukana kimoyomoyo. Mimi nilidhani nimemdanganya Mwalimu, kumbe naudanganya mwili wangu, na mwili haukudanganyika.

Sasa nasimama mwenyewe mbele ya kamera, natetemeka kama ndama. Dawa bado sijarudishiwa, niombeeni. Wifi ndiye anayekaa kitandani kwangu, michembe yangu mkononi, ananisimamia. Jana nilitaka kuishia katikati, nikamwangalia kwa jicho la kuomba huruma. Akanifokea mpaka Mwalimu akasikia kwenye simu:

"Inuka, wifi! Hili sikulimii!"