Usiku Waliousafisha

Neno lililonikasirisha kwanza lilikuwa "kusafisha". Mpaka leo nikilisikia kwenye mkutano wa wasomi, damu inanichemka, na mwenzangu niliyekaa naye lazima anibane goti.

Nafundisha hisabati katika chuo kimoja hapa Mwanza. Kwa miaka kadhaa nilikuwa mshirika kwenye utafiti wa pamoja na chuo kimoja cha Ulaya. Wazo lenyewe lilikuwa zuri, siwezi kulisema vibaya. Satelaiti ingepiga picha za ziwa usiku, kompyuta ingehesabu taa za wavuvi wa dagaa, halafu hisabati ingetuambia dagaa wanavuliwa kwa kasi gani na ziwa lipumzishwe lini ili wazaliane. Wao walikuwa na kompyuta kubwa, sisi tulikuwa na ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika milinganyo na kukusanya takwimu za mialoni, yaani pale mitumbwi inaposhusha dagaa, kuanzia mjini mpaka upande wa Busisi.

Kwangu hili halikuwa jambo la karatasi tu. Mama yangu alianika dagaa kwenye mchanga wa mwaloni, na sasa dada yangu anaanika palepale alipoanika mama. Ada yangu ya shule ilitoka kwenye mchanga ule. Kwa hiyo mtu akisema "ziwa lipumzishwe", mimi kwanza namwona dada yangu amekaa na nyavu za kuanikia zikiwa tupu.

Aliyekulia mwaloni anajua jambo hili kabla hajajua kuzidisha: dagaa hufuata taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa, nuru imeenea ziwa zima, dagaa wanatawanyika na taa haina kazi tena. Kwa hiyo hakuna anayeingia majini. Nyavu zinashonwa, wanaume wanarudi makwao, harusi na vikao vya ukoo vinawekwa siku hizo. Ukimkuta mvuvi amekaa kivulini mchana kutwa ukamuuliza kulikoni, anakujibu, "Tuko kwenye mwezi," na hakuna maelezo zaidi.

Siku moja, kwenye mkutano wa mtandaoni uliopangwa kwa saa yao kama kawaida, walituonyesha grafu ya kwanza. Mstari ulikwenda sawa kama barabara ya lami. Usiku wote wa mwaka, taa zilezile.

"Zile siku zisizokuwa na taa ziko wapi?" niliuliza.

Kijana wao wa shahada ya uzamivu alijibu kwa furaha kabisa. Alisema zile zilikuwa takwimu zilizopotea, labda kwa sababu ya mawingu, na programu imeyajaza mapengo kwa wastani wa siku nyingine.

"Tumezisafisha," akaongeza profesa wake, kiongozi wa mradi.

Nikawaeleza habari za mwezi. Nilieleza taratibu, maana nilidhani ni suala la kueleweshana tu. Profesa akanishukuru kwa "mchango mzuri kuhusu mazingira ya wenyeji", kisha akaenda kwenye ajenda inayofuata. Mchango wa mwenyeji! Nilikuwa nimewaambia kwamba hesabu yao ina kosa, hilo ni jambo la hisabati, si simulizi za bibi. Nilizima kamera ili wasiuone uso wangu.

Sikuishia hapo. Niliandika mlinganyo mpya, nikaweka ndani yake herufi g kwa ajili ya giza, nikaupima kwa takwimu za mialoni na ukakaa vizuri. Niliutuma. Niliukumbushia kwenye mkutano uliofuata, na uliofuata huo. Kila mara jibu lilikuwa kwamba utaangaliwa katika awamu ijayo. Sikio la kufa halisikii dawa.

Hapo ndipo likaja pendekezo lao. Kwa kuwa grafu ilionyesha usiku wote ni sawa, walishauri uvuvi wa dagaa ufungwe siku za mwanzo za kila mwezi wa kalenda, ili iwe rahisi kukumbuka. Rahisi kwa nani? Mbalamwezi haifuati kalenda ya ukutani. Kuna miezi ambayo siku hizo zingeangukia kwenye giza lenyewe. Ukijumlisha na mapumziko ya mbalamwezi, dada yangu na wenzake wangekaa zaidi ya nusu ya mwezi bila dagaa wa kuanika. Pendekezo hilo lingepelekwa kwa maofisa wa uvuvi kwenye warsha, hapahapa Mwanza, hotelini kando ya ziwa.

Kwenye warsha hiyo mimi niliombwa niwe mkalimani. Aliyeandika milinganyo atafsiri hotuba. Nilikasirika, lakini nilikubali, kwa sababu dada yangu alialikwa pamoja na watu wa mwaloni, na sikutaka mtu mwingine ndiye amwambie kilichosemwa.

Wageni walipanga pia kwamba jioni ya kuamkia warsha wapelekwe kwa boti kuziona taa maarufu za wavuvi. Nilipoiona ratiba nilicheka peke yangu. Niliiacha ilivyo. Nilikuwa nimeshasema vya kutosha.

Jua lilizama, na mwezi mpevu ukachomoza juu ya mawe, mkubwa na wa njano. Maji yote yakang'aa. Profesa alikuwa amesimama mbele ya boti na kamera yake shingoni. Hakukuwa na taa hata moja.

"Wavuvi wako wapi?" akaniuliza.

"Wako kwenye mwezi."

Nilimjibu kwa Kiswahili kwanza, kisha nikamtafsiria. Akauangalia mwezi, akayaangalia maji, akauangalia tena mwezi. Nikamwona mahesabu yanampitia usoni. Nikasema moyoni, mgeni njoo mwenyeji apone, sasa tumepona.

Kesho yake alisimama mbele ya ukumbi. Maofisa wa uvuvi walikaa mbele, watu wa mwaloni nyuma, dada yangu akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Profesa alisema jana jioni yeye na timu yake wamegundua jambo kubwa: mbalamwezi inasimamisha uvuvi. Kwa hiyo pendekezo litabadilishwa, siku za kufunga zifuate mbalamwezi. Nilitafsiri. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nilimwona dada yangu akishusha pumzi. Kisha profesa akatabasamu, akaongeza kwamba anashangaa kwa nini muda wote huo hakuna mtu aliyewaambia.

Nilitafsiri na hiyo, neno kwa neno, halafu nikaendelea kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa.

"Ndugu zangu, niliwaambia. Niliwaambia kwa mdomo, nikawaambia kwa hisabati. Mwezi haukugunduliwa jana."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Ofisa mmoja aliinamisha kichwa kuficha meno. Profesa akanigeukia, akauliza wanacheka nini, na mkalimani alikuwa mimi.

"Nilishakuandikia," nikamjibu kwa Kiingereza chake, nikashika kiti changu nikakaa.

Wakati wa chakula dada alinivuta pembeni. "Mdogo wangu, giza letu si limepona? Basi punguza hasira, ule."

Nilikula. Siku za giza zilipona kweli, na yeye bado anaanika.

Lakini miezi baadaye nikaletewa rasimu ya makala. Sehemu ya mwezi inaanza kwa kusema kwamba watafiti, wakiwa ziwani jioni moja, waliona jambo lisilotarajiwa. Mlinganyo unaofuata ni wangu, haukuguswa, hata herufi g bado imo. Hakuna aliyejiuliza imetoka lugha gani. Waandishi ni profesa na kijana wake. Mimi niko chini kabisa, kwenye shukrani, kwa msaada wa ukalimani.

Barua pepe iliyokuja nayo ilinikaribisha kwenye mkutano wa kupanga awamu ijayo. Nikatazama tarehe, nikatazama kalenda. Nikawajibu kwamba siku hiyo kwetu ni mbalamwezi, sitaingia kazini, na pengo langu walijaze kwa wastani kama walivyozoea.