Siku Niliyomtahini Binti Yangu

Kwa miaka mingi mwalimu wa fizikia katika shule yetu ya sekondari, pale Malindi, nilikuwa mimi peke yangu. Watu wa mji walinijua hivyo. Nikipita sokoni wazazi waliniamkia kwa heshima, na wengine jina langu hata hawakulijua. Walisema tu, "Yule mwalimu wa umeme," kwa kuwa mada ya umeme ndiyo iliyowatisha watoto wao kuliko zote, na ndiyo niliyosifika kwa kuifundisha. Niliizoea sifa hiyo hata nikasahau kwamba ni sifa. Niliiona kuwa ni haki yangu.

Basi katikati ya miaka ya themanini wanafunzi wakazidi, kidato cha tatu kikagawanywa mikondo miwili, na tukaletewa mwalimu wa pili. Alikuwa mwanamke kijana kutoka bara, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo na mwendo wa haraka. Alikulia karibu na mabwawa ya Mto Tana, huko juu, ambako babake alikuwa miongoni mwa vibarua waliomwaga zege. Alitueleza hayo siku ya kwanza katika chumba cha walimu, bila majivuno, kama mtu anayetaja kwao. Alisema utotoni alilala na kuamka akisikia maji yakishuka kwenye mitambo. Mimi nilikuwa nimewachorea watoto bwawa ubaoni mwaka baada ya mwaka, na bwawa lenyewe sijapata kuliona. Wenzangu wakamzunguka wakimwuliza maswali. Nikachukua chaki zangu nikaenda darasani kabla ya kengele.

Mwalimu mkuu akampa mkondo aliokuwamo binti yangu. "Mzazi asimfundishe mwanawe," aliniambia. "Watu wasije wakanong'ona." Nikakubali, maana alisema kweli.

Mwanzoni nilijipa moyo kwa jambo moja: Kiswahili chake. Alisema "maji inakuja" na "hii kitu", na watoto wa Malindi na Mambrui, waliokinyonya Kiswahili kwa mama zao, waliinamisha vichwa wakicheka chini kwa chini. Mimi darasani nilitumia Kiingereza kitupu, kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa kwa Kiingereza, na Kiswahili changu nilikiweka kwa barazani na nyumbani. Yeye alifanya kinyume. Akishaeleza jambo kwa Kiingereza alisimama na kuwauliza, "Kwenu hii mnaiita aje?" Nao wakamwambia.

Siku moja nilipita ukumbini nikamsikia akiwauliza wanapikia nini nyumbani. Msichana mmoja akasema kuni. Mvulana wa kutoka Ngomeni akasema, "Vifuu na makumbi."

"Vifuu najua. Makumbi ni nini?"

Darasa zima likataka kumjibu. Wakamweleza kuwa ni lile ganda la nje la nazi, lenye nyuzi, linalochelewa kushika moto na likishika halizimiki upesi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawauliza: huo moto ulikuwa wapi kabla makumbi hayajawashwa? Nani aliuweka humo? Na ugali ukishaiva, ni moto kiasi gani ulioingia chunguni, na kiasi gani uliishia kupasha jiko joto na kumtoa mpishi machozi? Wakacheka wote, naye akicheka pamoja nao, lakini walikuwa wakifikiri. Nilipofika darasani kwangu niliwakuta wanafunzi wangu wameinama kimya, wananakili niliyoyaacha ubaoni. Kimya hicho nilikuwa nikikisifu siku zote kwenye mikutano ya wazazi. Siku ile kilinichoma.

Halafu mambo yakaingia nyumbani. Tulikaa mtaa wa Barani wakati ule, na jioni tulikula pamoja uani, mimi, mke wangu na binti yetu, ambaye ndiye mwana wetu pekee. Jioni moja, wali na mchuzi wa papa uko mbele yetu, binti akasema:

"Baba, wajua kwamba mtu akila wali anakula jua?"

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu wetu."

"Hilo limo kitabuni," nikamwambia. "Mwanzoni kabisa mwa sura ya nishati."

"Limo, lakini vile alivyolisema yeye..." Akajiongezea mchuzi.

Tangu hapo 'mwalimu wetu' akawa hakosekani kwenye sinia. Mwalimu wetu kaleta dainamo ya baiskeli. Mwalimu wetu katuambia tuhesabu taa za hoteli za ufukweni, tufikiri zatumia umeme kiasi gani kwa usiku mmoja, na tufikiri kijiji kizima cha kina fulani chatumia kiasi gani. Mwalimu wetu hakasiriki mtu akikosea. Hilo la mwisho nilimeza nalo tonge zima, nikanywa maji.

Mwisho wa muhula mwalimu mkuu akataka mikondo yote miwili itahiniwe kwa mtihani mmoja, juu ya matumizi ya nishati na uzalishaji wa umeme. Nikatunga sehemu ya maandishi kama nilivyozoea: hesabu za pasi, za taa, za jiko la umeme lililoachwa likiwaka. Mwenzangu akaisoma yote mbele ya mwalimu mkuu.

"Mwalimu, hii yako ni nzuri," akasema. "Lakini mtoto anaweza kupiga hesabu ya pasi na hajui moto ya hiyo pasi ilitoka wapi. Mimi naomba kila mmoja asimame mbele ya kitu chenyewe, aeleze kwa mdomo."

Nikasema itachukua muda mrefu, na mtihani wa taifa hauulizi hivyo. Mwalimu mkuu, ambaye kwa habari za fizikia hakuwa na neno isipokuwa langu, akakuna kidevu. "Tujaribu," akasema. Kisha akaongeza la kwake: tubadilishane, mimi nitahini mkondo wa mwenzangu na yeye atahini wangu, ili pasiwe na upendeleo.

"Binti yangu yumo mkondo huo," nikamkumbusha.

"Wewe nakuamini," akajibu, akafunga kikao.

Siku ya mtihani nilikaa kwenye banda la makuti nyuma ya jiko la shule, palipokuwa na jenereta. Umeme wa mji ulikatika mara kwa mara, na jenereta hiyo ndiyo iliyowawezesha wanafunzi wa bweni kusoma. Mwenzangu alikaa ng'ambo ya uwanja, chini ya mwarobaini, na baiskeli iliyopinduliwa kichwa chini, dainamo yake ikiwa imefungwa kwenye gurudumu. Nitasema kweli: nilikwenda pale kutafuta tundu. Nilitaka kuona ni lipi aliloliacha kwa kucheka na watoto.

Akaja wa kwanza, mvulana kutoka Mambrui. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Haya, eleza."

Akaanza kwa Kiingereza, akakwama, akaniuliza kama aruhusiwa Kiswahili. Nikamruhusu shingo upande. Basi akaanza na dizeli tangini, akaipeleka ikaungua, ikasukuma, ikazungusha, mpaka akaifikisha kwenye taa iliyoning'inia juu ya kichwa changu. Hakuacha kitu. Aliyemfuata vile vile. Wakaja mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na njia yake ya kusema, hakuna aliyekariri kutoka kwa mwenziwe.

Nilipoinua macho nikaona ng'ambo mvulana wa mkondo wangu, mtoto mwema, mnyonge, ambaye kwangu hakuwahi kusema zaidi ya "ndiyo, mwalimu". Alikuwa amesimama mbele ya baiskeli kama aliyepigwa na butwaa. Mwenzangu akainuka, akazungusha pedali kwa mkono, akamwonyesha kitaa kikiwaka, akarudi kukaa. Hakumwambia jibu. Yule mvulana akachuchumaa, akazungusha mwenyewe, mara polepole, mara kwa kasi, kisha akaanza kusema, na akasema kwa kirefu, mikono yake ikicheza hewani. Sikuyasikia maneno yake kwa ngurumo ya jenereta. Nilitamani mno kuyasikia.

Kisha akaja binti yangu.

"Shikamoo, mwalimu." Shuleni aliniita hivyo siku zote, ndivyo tulivyokubaliana, na kabla ya siku ile halikuwahi kuniuma.

"Marahaba. Nishati ya mtambo huu yatoka wapi?"

"Kwenye dizeli."

"Na ya dizeli?"

"Kwa viumbe wa zamani sana waliofukiwa chini. Nao waliipata kwa jua."

Akaendelea bila kuulizwa. Akafuata kila hatua kwa kidole chake, pale mafuta yanapoungua, pale mhimili unapozunguka, pale waya na sumaku vinapopitana. Alipofika kwenye bomba la moshi akaweka kiganja karibu nalo, si karibu sana. "Nyingi yapotelea hapa," akasema. "Kuliko ile ifikayo kwenye taa."

Hapo ndipo nilipowaachia wenziwe wote. Yeye sikumwachia. Nilikuwa na swali moja nililolichukua chuo kikuu, lililonishinda mimi mwenyewe nilipoulizwa mara ya kwanza.

"Maji ya bwawa yana nishati kwa sababu yako juu. Haya, nani aliyeyapandisha?"

Akatabasamu. Hakunitazama mimi, alitazama upande wa bahari. "Jua, mwalimu. Huyachukua hapa kwetu, yakawa mawingu, yakaenda kunyesha bara. Kisha mto huyarudisha baharini, na njiani watu huyatoza ushuru."

Niliandika alama zote. Wazo lile alilipata kwa mwalimu wake, hilo nililijua bila kuambiwa. Lakini ushuru ulikuwa wake mwenyewe. Mwalimu wake hakuwa na Kiswahili cha namna ile. Kilikuwa Kiswahili cha nyumbani kwetu, na kimefika kwangu kikipitia mikono ya mtu mwingine.

"Nenda," nikamwambia. Akasimama kidogo, kama anayengoja jambo, kisha akaenda.

Jioni akaniuliza alifanyaje. Nikamwambia asubiri matokeo kama wenzake. Akaondosha vyombo. Mke wangu akanitazama.

"Bwana wewe, yule mwanamke wa watu wamwonea wivu?"

"Mimi? Kwa lipi?"

"Hilo ndilo nikuulizalo."

Naye hakulirudia. Alinijua.

Matokeo yalisomwa kwenye mkutano wa walimu. Kwa hesabu mkondo wangu ulikuwa mbele. Kwa maelezo ya mdomo mkondo wa mwenzangu ulituacha mbali. Kwa jumla binti yangu alikuwa wa kwanza. Mwalimu mkuu akampongeza mwalimu wake mbele ya wote, na walimu wakapiga makofi. Yule mwanamke akasimama.

"Sifa hii si yangu," akasema. "Huyo msichana alikuja kwangu akiwa anajua. Alifunzwa nyumbani na babake."

Wote wakanigeukia, makofi yakaanza upya. Nikasema ahsante. Neno lake halikuwa la kweli. Nyumbani nilifika nimechoka kufundisha watoto wa watu, na binti yangu nilimwuliza tu kama amemaliza kazi yake ya shule. Sikujua, na mpaka leo sijui, kama mwenzangu aliamini alilosema au alinionea huruma. Angalinisema vibaya ningalijua pa kumshika. Kwa wema ule sikuwa na pa kumshika, na wivu wangu, badala ya kupoa, ukapanda.

Muhula uliofuata nilianza kukaa na binti yangu baada ya magharibi, tukafungua kitabu pamoja. Alinisikiliza kwa adabu. Aliitikia pale panapopasa kuitikiwa. Na kesho yake, swali lile lile tuliloliangalia pamoja alilipeleka kwa mwalimu wake. Niliwaona siku moja ukumbini, vichwa vimegusana juu ya dainamo iliyofunguliwa, kisha binti akicheka kwa kurudisha kichwa nyuma. Kicheko hicho nilikijua. Ndicho alichokuwa akikicheka alipokuwa mdogo, nikimbeba mabegani kwenda uwanja wa Idi. Nilipita karibu yao, wakanisalimu wote wawili, nikaitikia, nikaenda darasani.

Yule mwalimu hakukaa sana. Mwaka uliofuata akahamishwa kurudi bara. Mke wangu na binti yangu walimsindikiza mpaka stesheni ya mabasi, mimi nikamuaga shuleni. Alinipa mkono akaniambia, "Mwalimu, nimejifunza mengi kwenu." Nikamwambia Mungu amjaalie. Mikondo yote ikarudi kwangu, na kwa siku chache nilihisi raha ya mtu aliyerudishiwa nyumba yake. Kisha mwalimu mkuu akaniuliza kama tuendelee na ule mtihani wa mdomo. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikasema tuendelee, na nikauendeleza mpaka nilipostaafu, kwa sababu baada ya kumsikia yule mvulana wa Mambrui sikuweza tena kuridhika na hesabu za pasi peke yake.

Binti yangu sasa ni mwalimu wa fizikia, huko Kilifi. Juzi alikuja na wenzake wa kazini kututembelea, wakakaa uani, wakanywa chai. Mmoja wao akamwuliza ni nani aliyemtia mapenzi ya somo hili.

"Mwalimu mmoja kutoka bara," akajibu mara moja. Kisha akanitazama, akatabasamu kwa upendo ambao sina shaka nao. "Na baba."

Wageni wakacheka, wakanisifu. Mimi nikamwongezea chai aliyekuwa karibu nami. Nimezeeka, na yule mwanamke sijui yuko wapi, au kama yu hai. Lakini jina lake, wallahi, ningalipenda litajwe la pili, baada ya langu.