Nyuki Asiyeuma

Karakana ya shule leo inanuka nta, maana tunang'arisha meza, na mimi badala ya kusugua nacheka peke yangu kama punguani. Pua imenirudisha Isevya kwa shangazi.

Likizo zote shangazi alitutoa nje kwa ujanja. Alitutajia vitu vya kusaka, na wa kwanza kurudi navyo alipewa ukoko wa pilau. Binamu zangu wakubwa walishinda kila mara. Mimi mdogo niliambulia kunusa sufuria.

Siku hiyo alitaka jiwe jeupe, unyoya wa kanga na nyuki asiyeuma.

"Shangazi, leo tugawane basi, kijamaa," nikasema.

"Kusaka ndiyo kijamaa. Ukoko una mwenyewe. Haya, nje!"

Wakubwa wakakimbilia porini. Mimi nikaokota jiwe uani, nikaazima unyoya kwa kanga wa jirani bila kumwomba ruhusa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba. Hapo ndipo shangazi alipokuwa akinisimamisha kila nikifanya utundu, uso ukutani, mbele ya kitundu chenye mdomo wa nta. Vijinyuki vyake vilitembea puani mwangu siku nzima na havikuwahi kuniuma. Nikanasa kimoja, nikampelekea shangazi vitu vyote vitatu.

Shangazi akashika kiuno. "Umesharudi? Nami nilitaka kulala hadi alasiri!"

Alasiri binamu walirejea, wakanikuta nyuma ya nyumba, mmoja jicho limevimba kwa kukamata nyuki wa aina nyingine.

"We kidudu, umempata wapi?"

Ukoko ulikuwa umenijaa mdomoni, nikawaonyesha kwa kidole ukuta waliouegemea.