Sakafu ya Chumba cha Bi Sun-rye

Tak Man-ho ametandika mabomba ya maji ya moto ya kupasha nyumba joto chini ya sakafu za nusu ya mji wa Jecheon, kule Korea, na hajawahi kukosa usingizi hata siku moja. Ila hii ya mama yake, jamani, ilimtoa jasho. Daktari alishasema wazi: kichomi kikimrudia bibi huyu wa miaka themanini na sita, hatapona. Asikae pa baridi. Na zege likishamwagwa, bomba lililokaa vibaya ndiyo basi tena.

"Lete mengine kona ya ndani," alimwambia mkewe, Ok-bun.

"Baba Ye-won, kona hiyo umeshaijaza kama bakuli la tambi!"

"Ndipo pa mkubwa wa nyumba tangu enzi sakafu zikipashwa moto kwa kuni. Mama atalala hapo."

Mabomba yakapungua, basi upande wa mlangoni akayatandika machache, yakiachana sana. Nani hukaa mlangoni?

Zege lilipomwagwa, ndipo roho ikaanza kumdunda. Pale konani aliyakunja mno. Je, kama moja limebonyea? Muda wa kurekebisha hakuna. Mama, aliyehifadhiwa kwa jirani wakati wa kazi, alikataa kurudi siku yoyote ila tarehe tisa ya mwezi mwandamo, siku ambayo pepo hawamwandami anayehamia. Kila asubuhi Man-ho alipiga magoti mbele ya geji ya presha, ile saa inayoonyesha kama maji yanavuja. Mshale ukicheza kidogo, anagonga kioo chake kwa kidole.

"Umeatamia sakafu kama kuku," Ok-bun alimcheka.

"Cheka tu. Si mama yako."

"Nimemuuguza mimi, koma!"

Siku ikafika. Akawasha boila ya kuchemshia maji, akaweka kiganja konani. Baridi. Akangoja. Bado baridi. Kisha joto likapanda polepole, likatulia, na Man-ho akajikuta anafuta machozi kwa mkono wenye vumbi la saruji.

Bi Sun-rye akaletwa, akavua viatu, akaketi papo hapo kando ya mlango.

"Mama, sogea huku kwenye joto."

"Kaa wewe, umeshinda kwenye baridi."

"Nimekutengenezea wewe!"

"Wewe nawe! Hapo alikaa baba mkwe wangu, akakaa baba yako, sasa ni zamu yako. Mimi nikijichimbia huko, chakula ataleta nani?" Akacheka. "Miaka sitini na tano nakaa hapa mlangoni. Nimezoea."

Man-ho akajaribu kukumbuka siku moja, moja tu, aliyomwona mama yake kwenye kona ile. Hakuna. Aibu ikamshika hadi masikioni. Akambembeleza, mama akakataa. Ok-bun naye akambembeleza, wapi! Bibi akaanza kukohoa. Man-ho akamshika nyayo. Zilikuwa baridi kama sakafu iliyokuwa chini yake.

Akainuka.

"Unakwenda wapi tena?" mama akauliza.

"Kuchukua nyundo. Mabomba yatakufuata hapa mlangoni."