Nguo za Watu Zinanyeshewa

Juzi nilipita mtaa wetu wa zamani huko Kariobangi, nikakuta wingu zito limetanda na nguo zimejaa kwenye veranda za maghorofa, kila mtu na zake nyuma ya vyuma vyake. Rafiki yangu, nilisimama pale nikashindwa kusonga. Wenzangu mvua huwakumbusha mahindi ya kuchoma. Mimi hunikumbusha uongo wangu.

Miaka ile ya sabini hapakuwa na ghorofa pale. Tuliishi katika nyumba za safu, milango sita ikitazama uwanja mmoja, na kamba zote za nguo zilifungwa uwanjani. Asubuhi ungenusa uji na mafuta ya taa, halafu mafundi wa jua kali waanze kugonga masufuria mpaka jioni. Baba alikuwa dereva wa lori, tukimwona mara moja kwa wiki. Mama alishona mashati kiwandani. Nyanya, mama yake Baba, aliletwa kwetu kutoka Ukambani alipoanza kupotea njia ya mtoni, njia aliyoipita tangu usichana wake.

Hatukuwa na jina la ugonjwa ule. Wengine walisema ni uzee, wengine wakanong'ona kwamba amerogwa. Akipika muthokoi, yale mahindi yetu yaliyokobolewa, alitia chumvi mara tatu, nasi tukala huku machozi yakitutoka. Mama hakumkemea. Alimwosha, akamvisha, akamchana nywele, kisha akakimbilia kazini kitambaa cha kichwa kikiwa bado mkononi. Sikumbuki mtu yeyote akimuuliza Mama kama amechoka. Hata mimi sikumuuliza, na nilikuwa na miaka kumi, umri wa kuona.

Likizo ya Aprili kazi yangu ilikuwa kukaa na Nyanya mchana kutwa. Alikuwa na desturi moja ya kijijini ambayo ugonjwa haukuweza kuigusa. Wingu likitanda alitoka akaanua nguo zote uwanjani, za milango yote sita, akazikunja vizuri na kuzipanga kitandani kwetu. Kwao, aliye nyumbani huanua za wote. "Nguo ya jirani ikilowa nawe unaona," alizoea kusema, "ni wewe umeilowesha." Alichosahau ni nguo ipi ya nani. Mvua ikikatika nilizirudisha kambani kimyakimya kabla wenyewe hawajarudi. Ningewaambia majirani, wangeshukuru tu. Lakini niliona haya kujulikana kwamba nina nyanya wa namna hiyo.

Siku moja nikatoroka kwenda kucheza kati, kurushiana mpira wa karatasi za nailoni na wenzangu. Mvua ikaja, ikaenda, nami niko huko. Niliporudi nilimkuta mwalimu wetu, aliyeishi mlango wa tatu, amesimama chumbani kwetu na sketi yake ya kanisani mkononi. Nyanya alikuwa ameketi kitandani anamtabasamia, anangoja kushukuriwa.

"Hizi nguo zangu zimekuja aje huku?" Mwalimu aliniuliza mimi.

Ningesema ukweli, angejua nilimwacha mgonjwa peke yake, na Mama angejua kabla jua halijatua. Niliuona mwiko wa ugali ukinishukia mgongoni.

"Ni Nyanya, Mwalimu. Yeye huiba."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu bado naitembea.

Jioni ile Mama alizunguka milango mitano. "Nisameheni jamani, ni uzee, hatarudia tena." Nilisikia kila neno nikiwa ndani nachambua sukuma wiki. Kesho yake akanunua kufuli. Tangu hapo Nyanya akawa anafungiwa ndani, na ufunguo nikavalishwa mimi shingoni kwa uzi.

Halafu ikaja mvua kubwa ya mwezi ule. Nilikuwa kizingitini na wenzangu, Nyanya akaanza kupiga mlango kwa viganja. "Fungueni! Nguo za watu zinanyeshewa!" Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, rafiki yangu, nikacheka na ufunguo kifuani, mpaka mashuka yote uwanjani yakaburuzika matopeni. Hatimaye akanyamaza. Nilipofungua nilimkuta amekaa sakafuni analia, viganja vimekuwa vyekundu.

Hakuanua tena hata kitambaa. Alirudishwa kijijini, akafa kabla ya mwaka kwisha. Uwanja wetu ukajengwa ghorofa, majirani wakatawanyika, na siku hizi ukigusa nguo ya mtu utaitiwa mwizi kwelikweli.

Miaka mingi baadaye Mama aliugua, mwili tu, akili yake ikiwa timamu. Adhuhuri moja akaniuliza, "Nyanya yako alikuwa mtu wa mkono safi. Sasa ni nini kilimfanya aanze kuiba uzeeni?" Nikamwambia ni ugonjwa, kwamba sasa una jina na madaktari wanaujua. Akasema alimwonea sana kwa lile kufuli, kwamba hakuwa na mtu wa kumwachia wala wa kumshauri. Nilikuwa nimeushika mkono wake, na hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Ningesema hakuiba. Nilimwekea mto vizuri, nikamuuliza kama anataka chai.