Nilizipaka log rangi, chanjo za Kiongoroni zikaharibika

Wakuu, salama humu? Haya yamenikuta mwenyewe, na sipunguzi kitu ili nionekane fundi. Tangu Ijumaa sijatulia.

Nipo Kibiti mjini. Nilitengeneza kiprogramu kinachopokea joto la friji ya chanjo ya zahanati moja Kiongoroni, kule deltani kunakofikiwa kwa boti. Betri ya sola ikichoka, joto likapanda, kinaandika HATARI kwenye log, yaani file la kumbukumbu. Script nyingine, programu ndogo tu, inaisoma log hiyo na kumtumia nesi SMS.

Nesi ni dada Mwanaidi. Akipata SMS anahamishia chanjo kwenye kasha la barafu na kuwahi boti ya kuja mjini kabla maji hayajatoka, yaani kupwa. Yakishatoka mto ni tope tupu, huendi popote.

Sasa mimi macho yalinichosha. Kwenye terminal, screen ninayotazamia log, mistari yote nyeupe, inakimbia, HATARI huioni iko wapi.

Ijumaa asubuhi nikaongeza rangi. Kijani salama, njano angalia, nyekundu hatari. Ikapendeza kweli. Nikapiga na screenshot nikaweka status, ushamba huo nisameheni.

Nikaenda kuswali. Kurudi, screen nyekundu tupu.

Nikajiambia Mwanaidi ameshapata SMS, yuko kwenye boti. Lakini moyo ukagoma. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena, mwisho nikampigia.

Hakuwa na SMS yoyote. Alikuwa anatembelea kina mama waliojifungua, nyumba kwa nyumba. Akakimbilia zahanati, akakuta chanjo zimeshapata joto na maji yameshatoka.

Nikafungua file la log. Kumbe ndani ya file rangi si rangi, ni vialama tu, [31m imekaa mbele ya kila HATARI. Na script yangu inatafuta mstari unaoanza na HATARI. Haikuuona hata mmoja.

Jumamosi kina mama wakaja na watoto kwa mitumbwi, wengine wametoka mbali, wakarudishwa. Nikampigia Mwanaidi kumwomba radhi. Hakufoka.

"Kaka, wewe uliona nyekundu," akasema. "Mie huku ulitaka nione nini?"

Naona aibu mpaka leo.

Nilichojifunza: rangi ziishie kwenye screen, file libaki maandishi matupu. Ukigusa log, jaribu na kile kinachoisoma. Nimerekebisha kwa mistari miwili ya code. Miwili tu, na wale kina mama itabidi wapige kasia upya.

Karibuni mniseme, nastahili. Ila na wewe tuambie, log zako anazitegemea nani ambaye hazioni?